Mche Ulionyamaza Majini

Mwaka wa El Niño, mwisho wa 1997 kuingia 1998, nilikuwa kwa bibi yangu bondeni Rufiji. Kwa msomaji asiyelijua bonde lile niseme kidogo. Mpunga wa kule unapandwa kwa mvua za vuli, mbegu inafukiwa moja kwa moja shambani, halafu watu wanaomba Mungu mto usiwahi. Mto ukijaa mwezi wa tatu au wa nne na kuukuta mpunga umeshasimama, hiyo ni neema: maji yanaleta tope lenye rutuba na kunywesha shamba bila mtu kuinua ndoo. Mto ukiwahi, miche inazama. Mafuriko ni yaleyale, ila inategemea yamekuta mmea una kimo gani.

Mwaka ule mto uliwahi. Miche ilikuwa na urefu wa shibiri moja na nusu hivi, na asubuhi moja tukaamka hatuioni. Tulikuwa juu ya dungu, kile kibanda kinachonyanyuliwa kwa nguzo ndefu ili mtu alinde shamba na alale salama maji yakija. Kila asubuhi nilichomeka kijiti kwenye makuti ili nihesabu siku. Vilifika vijiti tisa kabla hatujaona ardhi tena.

Nilichokiona maji yalipopungua sijakisahau. Miche imelala kwenye tope, rangi ya chai ya maziwa, inanuka. Baba mkubwa hakupoteza muda. Alitaka tope lile lisikauke bure, tupande mahindi upesi, maana kule maji yakishatoka mahindi yanakubali vizuri. Bibi akamwambia asubiri. Akaingia kwenye tope mpaka magotini, akang'oa mche mmoja, akaanza kuumenya kama mtu anavyomenya kitunguu, ganda baada ya ganda, mpaka akafika katikati. Akaniita.

"Unaona, mke mwenzangu?" Ndivyo alivyokuwa akiniita, kwa utani wa bibi na mjukuu. Katikati palikuwa na kitu kidogo cheupe, kigumu, kama sindano. "Huu haujafa. Umenyamaza tu."

Kisha akavuka kwenda kipande cha pili, kile tulichopanda Supa. Kule miche ilikuwa mirefu zaidi, mirefu kuliko ilivyokuwa kabla ya maji, lakini imekuwa kama uzi, imelala chini yote. Akamenya mmoja. Ndani palikuwa na ute. "Huu ulikuwa na haraka," akasema, akautupa.

Kipande cha Supa kikaenda kwa mahindi. Kipande kingine, kilichopandwa mbegu ambayo bibi aliiita tu "ile ya bondeni", kiliachwa. Baada ya wiki mbili kilikuwa kijani.

Mimi si mtu wa maabara. Nimesoma fasihi, na nikisoma historia ya sayansi huwa naisoma kama ninavyosoma riwaya: nani alitaka nini, nani alikosea, nani alisahauliwa. Lakini maneno yale mawili ya bibi, kunyamaza na haraka, yalinifuata miaka mingi mpaka nikaanza kutafuta ni nini hasa kilitokea chini ya maji yale. Nilichokikuta ni kisa cha zaidi ya miaka 100, kinachopita Urusi, Taiwan, Ufilipino na India, na ndani yake wamo watu waliokuwa wakifukuzia swali lilelile la bibi bila kujuana.

Kukosa pumzi

Tuanze na tatizo lenyewe. Mmea nao unapumua. Mizizi na majani yanahitaji oksijeni kama sisi, na mche mchanga unaihitaji zaidi kwa sababu unajenga mwili. Sasa, oksijeni inasafiri ndani ya maji polepole mno, karibu mara 10,000 kuliko inavyosafiri hewani. Mche ukizama, kilichokuwa kinaingia kwenye majani bila jasho sasa kinafika kwa kubanguabangua. Maji yakiwa na tope, kama ya Rufiji, hata mwanga haufiki, kwa hiyo jani haliwezi kujitengenezea sukari wala oksijeni ya kuokolea maisha.

Hapo seli inabadili njia. Molekuli moja ya sukari ya glukosi, ikichomwa kwa oksijeni, inaipa seli molekuli 30 hivi za nishati. Bila oksijeni inatoa 2 tu. Seli inachachua sukari, kazi ileile ya hamira ndani ya mtungi wa pombe, na kweli kinachotoka ni kilevi. Mche uliozama ni kama nyumba iliyofungiwa na kubakiwa na kibaba kimoja cha unga. Swali la maisha na kifo ni moja: unga huo utautumiaje?

Majibu ni mawili. La kwanza, tumia unga wote upate nguvu za kukimbia: refuka upesi, toa ncha ya jani juu ya maji, uvute hewa. La pili, kaa kimya, ule kidogo kidogo, usubiri maji yaondoke. Kila jibu lina hatari yake. Ukirefuka na maji yakawa marefu kuliko akiba yako, unafika nusu njia umekwisha. Na maji yakitoka, shina lako halina nguvu ya kusimama. Ukikaa kimya na maji yasitoke, unafia palepale ulipokaa.

Mmea hauna ubongo wa kuchagua. Una homoni. Homoni ni ujumbe: dutu kidogo sana inayotengenezwa ndani ya mmea na kubadili mwenendo wa seli nyingine. Historia ya kugundua ujumbe huu haikuanzia kwenye maji hata kidogo. Ilianzia kwenye taa.

Njegere za St Petersburg

Miji mikubwa ya Ulaya ya karne ya 19 iliwashwa kwa gesi ya makaa ya mawe iliyopita kwenye mabomba chini ya mitaa. Mabomba yalivuja, na watu wakaona kwamba miti iliyo jirani inapukutisha majani. Huko St Petersburg, mwanafunzi wa botania, Dimitry Neljubow, alikuwa anaotesha njegere gizani ndani ya maabara, na miche yake ikawa inamshangaza. Badala ya kwenda juu, ilikuwa mifupi, minene, na inatambaa kwa ubavu. Akiitoa hewani nje inanyooka. Akirudisha ndani, inalala.

Mtu mwingine angesema mbegu mbaya. Neljubow akaanza kuishuku hewa ya chumba, akaichambua gesi ya taa kitu kimoja kimoja, na mwaka 1901 akatangaza mkosaji: etilini, gesi nyepesi sana, yenye atomi mbili za kaboni na nne za haidrojeni basi. Kiasi kidogo mno chake kilitosha kuupotosha mche.

Kwa miaka 30 na ushei watu waliiona etilini kama sumu ya mjini, au kama ufundi wa wafanyabiashara wa kuivisha matunda. Mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane akathibitisha jambo lililogeuza mambo: tunda lenyewe linatoa etilini. Kumbe mmea ulikuwa na gesi hii tangu zamani, ndani yake. Kila mama anayefunika ndizi mbichi kwenye gunia pamoja na chache zilizoiva anajua kwa mikono yake kitu hiki ambacho Gane alikithibitisha kwa kemia.

Ikumbuke etilini. Tutarudi kwake majini.

Mche mpumbavu

Wakati huohuo wakulima wa Japani walikuwa na ugonjwa wa mpunga walioupa jina ambalo mpenzi yeyote wa lugha atalipenda: bakanae, yaani mche mpumbavu. Mche unarefuka kupita wenzake, unakuwa mwembamba, umepauka, mkulima wa mara ya kwanza anaweza kufurahi kwamba shamba limekubali. Kisha unaanguka na kufa, au unabaki bila punje. Mpumbavu kwa sababu umekimbilia kimo bila kuwa na mwili.

Mwaka 1926, Eiichi Kurosawa, akifanya kazi Taiwan iliyokuwa koloni la Japani, alionyesha kwamba upumbavu huo unatokana na kuvu, na kwamba hata maji yaliyochujwa kuvu wote yalitosha kuurefusha mche mzima wa afya. Kuna dawa ndani ya maji yale. Mwaka 1935 Teijiro Yabuta akaipa jina kutokana na jina la kuvu: jiberelini. Mwaka 1938 yeye na Yusuke Sumiki wakapata fuwele zake. Baadaye ikaonekana, kama ilivyokuwa kwa etilini, kwamba mimea yenyewe inajitengenezea jiberelini. Ni homoni yake ya kurefuka. Kuvu alikuwa anaighushi tu, kama mtu anayeghushi saini ya mwenye nyumba.

Nilipofika hapa katika kusoma kwangu nilisimama. Mirefu, myembamba, imelala chini yote. Ile ilikuwa picha ya kipande cha Supa. Bibi hakuwahi kusikia neno bakanae, lakini alipousema mche kwamba ulikuwa na haraka, alikuwa anasema kitu kilekile walichokisema wakulima wa Japani. Tofauti ni kwamba kwetu hakukuwa na kuvu. Nani aliipa miche yetu haraka ile?

Maji yanaziba mdomo wa gesi

Jibu ni jepesi ukishalijua, na ndiyo sehemu ya kisa hiki ninayoipenda kuliko zote. Mmea unatengeneza etilini kidogo kidogo muda wote, na hewani inapeperuka, haikai. Mmea ukizama, maji yanayozuia oksijeni kuingia ndiyo hayohayo yanazuia etilini kutoka. Inajazana ndani. Kwa hiyo mmea unajua kwamba umezama kwa namna mtu anavyojua kwamba amefungiwa chumbani: kwa kusikia pumzi yake mwenyewe inamrudia.

Mwaka 2019 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, wakaonyesha kwamba taarifa hii hufika mapema. Etilini hujazana upesi, wakati seli bado zina oksijeni, na huziandaa kwa dhiki kabla dhiki haijafika. Mmea unapata muda wa kuweka mambo sawa kabla ya pumzi kukata.

Baada ya kupata taarifa, mpunga unafanya nini? Walioanza kulijibu vizuri ni watu wa mpunga wa maji marefu, ule wa Bangladesh na mabonde ya Thailand, unaoweza kurefuka sentimita 20 hadi 25 kwa siku moja ukifukuzana na maji yanayopanda. Mwaka 1983, huko Michigan, Jean-Pierre Métraux na Hans Kende walionyesha kwamba etilini ndiyo inayoamsha mbio hizo. Kazi zilizofuata zikaonyesha mnyororo wenyewe. Etilini inapunguza homoni ya tatu, asidi ya absisiki, ambayo kazi yake mojawapo ni kushika breki ya ukuaji. Breki ikiachiwa, jiberelini inapata nguvu, na shina linakimbia. Homoni tatu zinapokezana: mmoja anapiga mbiu, mmoja anaachia kamba, mmoja anakimbia.

Mpunga mwingi wa kawaida una mabaki ya tabia hii. Ukizama, unajaribu kukimbia. Lakini hauna mwili wa kukimbia kama wa Bangladesh, na mafuriko ya ghafla hayapandi polepole ili ufukuzane nayo. Unatumia unga wote siku za mwanzo. Ndiyo haraka ya Supa yetu.

Tena kuna kejeli ya historia hapa. Mwaka 1966 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, IRRI, iliyoko Los Baños, Ufilipino, ilitoa IR8, mpunga mfupi ulioongeza mavuno na kuziba njaa sehemu kubwa ya Asia. Ufupi ule, kama ilivyokuja kujulikana mwaka 2002, ulitokana na jeni moja iliyoharibika, ya kutengenezea jiberelini. Mwaka 2018 ikaonekana kwamba mpunga wa maji marefu wa Bangladesh unatumia jeni ileile, ikiwa nzima na ikiamshwa na etilini, kukimbia maji. Jeni moja: ikivunjika inalisha mamilioni kwenye mashamba yenye mifereji, ikiwa nzima inamwokoa mkulima wa bondeni. Mapinduzi ya kijani yaliandikwa kwa ajili ya shamba lenye maji ya kupimwa, na aliyekuwa na shamba la maji yasiyopimika alibaki nje ya hadithi.

Dhalputtia

Nani basi alijua siri ya kunyamaza? Wakulima wa Odisha, mashariki mwa India, kwenye nyanda zinazozama kila baada ya miaka michache. Walikuwa na mpunga wao wa kienyeji unaoitwa Dhalputtia. Katika miaka ya 1940 wataalamu wa kilimo wa pale walichagua ndani ya mbegu hiyo ukoo mmoja uliovumilia maji, wakaupa namba: FR13A. Herufi mbili za mwanzo maana yake ni mvumilivu wa mafuriko, kwa Kiingereza cha serikali ya kikoloni.

Jina likawa namba, na namba ikasafiri. Katika miaka ya 1970 mbegu ile ilipimwa IRRI pamoja na maelfu ya nyingine. Unazamisha miche kabisa, unasubiri siku kumi na kitu, unatoa maji, unahesabu walio hai. FR13A ilitoka hai. Lakini ilikuwa mpunga wa kimaskini: mavuno madogo, punje isiyopendwa. Kila walipoichanganya na mpunga mzuri ilikuja na ukorofi wake wote. Wakulima walikataa, na walikuwa na haki.

Mwaka 1996 Kenong Xu na David Mackill walionyesha kwamba sehemu kubwa ya uvumilivu ule inakaa mahali pamoja, kwenye kromosomu ya 9, wakapaita Sub1. Miaka kumi baadaye, 2006, wao pamoja na Pamela Ronald, Julia Bailey-Serres na wenzao wakaitaja jeni yenyewe: Sub1A. Nayo ni ya aina gani? Ni jeni inayoitikia etilini.

Hapa ndipo nilipoweka kitabu chini nikamkumbuka bibi. Mche wa FR13A unapata taarifa ileile inayopata mche wa Supa: etilini inajazana. Lakini Sub1A ikiamshwa na etilini inafanya kinyume. Inapunguza etilini zaidi kutengenezwa, inaimarisha protini zinazoziba masikio ya seli zisiisikie jiberelini, inazuia sukari isiteketee. Mche unaacha kukua, unakaa na kibaba chake. Maji yakitoka baada ya wiki mbili hivi, ile sindano nyeupe ya katikati bado ina chakula, na inaanza upya. Umenyamaza tu.

Mwaka 2009 Motoyuki Ashikari na wenzake wa Nagoya wakazipata jeni zinazouamuru mpunga wa maji marefu kukimbia, wakazipa jina la ule mrija wa kuvutia hewa wanaotumia waogeleaji, SNORKEL. Nazo ni za ukoo uleule wa Sub1A, nazo zinaamshwa na etilini ileile. Mbiu moja, ndugu wawili, mmoja anasema kimbia na mwingine anasema kaa. Na hakuna aliye na akili kuliko mwenzake. Mafuriko ya miezi mitatu yanamuua anayekaa, na mafuriko ya siku tisa yanamuua anayekimbia. Bonde ndilo linaloamua nani yuko sahihi.

Niongeze upande mmoja, maana sitaki msomaji mkulima anishike shati. Sub1A inausaidia mche ulioshaota. Mbegu inayozama kabla ya kuota ina kesi nyingine. Mpunga ni miongoni mwa nafaka chache zinazoweza kuota bila oksijeni: unatoa kwanza kile kifuniko cha chipukizi, kinarefuka kama mrija kwenda kutafuta hewa, na mizizi inasubiri. Mahindi na ngano hayawezi, yanaoza. Lakini hata kwa mpunga mbegu nyingi hushindwa, na mwaka 2015 jeni mojawapo inayosaidia kazi hii ilipatikana kwenye mpunga wa Myanmar uitwao Khao Hlan On. Tena mbegu ya kienyeji, tena kutoka kwa watu wa maji.

Ardhi ya chini ni ya nani

Kazi iliyofuata ilikuwa ya subira. Swarna ni mpunga unaopendwa sana India mashariki. Wataalamu waliuchanganya na ukoo wa FR13A, kisha wakaurudisha kwa Swarna kizazi baada ya kizazi, wakifuata alama za jeni ili kibaki kipande kile kimoja tu na ukorofi wote utoke. Si mbegu ya uhandisi jeni. Ni ndoa ya kawaida iliyosimamiwa kwa karibu. Swarna-Sub1 ilitolewa rasmi India mwaka 2009.

Kabla ya hapo ilijaribiwa kwa wakulima, na kisa kinachosimuliwa sana ni cha mkulima mmoja wa Uttar Pradesh, mwaka 2008. Shamba lake lilizama, miche ikaonekana imekufa, majirani wakamwambia alime apande kingine. Akasubiri. Shamba likarudi kijani. Niliposoma kisa kile niliona dungu, niliona baba mkubwa na jembe lake begani.

Mwaka 2013 ukatoka utafiti uliofanywa vijijini Odisha, na matokeo yake yamenikaa kuliko jeni zote. Waliofaidika zaidi na mbegu hii ni watu wa tabaka la chini kabisa, wale ambao India iliwaita wasiogusika. Sababu? Kwa vizazi na vizazi waliachiwa ardhi ya chini, ile inayozama, ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Siri ya mpunga unaovumilia maji ilitunzwa kwenye nyanda za namna hiyo, ikatoka kwa jina Dhalputtia, ikazunguka maabara za Ufilipino na California, ikarudi kwa jina jingine. Majina ya wanasayansi tunayo, na wanastahili. Jina la hata mkulima mmoja aliyeirudia mbegu ile mwaka baada ya mwaka hatuna. Aliyaandika kwenye mbegu yenyewe.

Arobaini

Sisi wapenda fasihi tunapenda kusema kwamba mzee akifa maktaba imeungua. Msemo umechakaa kwa kutumiwa, lakini nina la kukiri kuhusu maktaba moja.

Bibi alifariki 2004. Siku ya arobaini watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia, wa Utete, wa Ikwiriri, wengine kutoka Dar. Mchele uliisha kabla wageni wa mchana hawajakaa. Shangazi akasema kuna mpunga kwenye kilindo juu ya jiko. Kilindo kile cha gome la mti kilikaa kwenye moshi mwaka mzima ili wadudu wasiingie, na kila aliyekua katika nyumba ile alijua kwamba kilichomo si cha kula. Mimi nilijua. Nilikuwa msichana mkubwa, nimekaa na bibi misimu mingi, nimemwona akichagua mashuke yale shambani moja moja kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kuvuna. Nyumba imejaa wageni, shangazi amenyoosha mkono, na hakuna mtoto anayemwambia shangazi yake hapana mbele ya watu. Nilikishusha kilindo. Mchi nilishika mimi.

Ulikuwa wali wa kawaida. Hakuna aliyeona tofauti.

Siwezi kusema kwamba "ile ya bondeni" ilikuwa na Sub1A, au kitu kinachofanana nayo, au kitu chake chenyewe ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiona. Ili kujua unahitaji punje chache. Arusha kuna kituo cha taifa cha kuhifadhi mbegu za mimea, na punje za kiganja kimoja zingetosha. Tanzania tumejaliwa mipunga yenye majina ambayo mshairi angeyaonea wivu: Kula na Bwana, Shingo ya Mwali, Mbawa Mbili, Faya Dume. Mtu ukisikia jina unajua kuna aliyekaa akauangalia mmea ule kwa macho ya mapenzi. Ile ya bibi haikuwa na jina la kupendeza. Iliitwa kwa mahali pake, kama watu wanavyomwita mtu wasiyemwogopa kumpoteza.

Mwaka jana nilimtembelea baba mkubwa. Macho yamepungua nguvu, lakini bado analima kipande kilekile, na mto bado unawahi pale unapotaka. Mwaka 2024 uliwahi vibaya, sote tuliona kwenye habari. Nilimwonyesha kwenye simu picha za miche ya majaribio, safu moja iliyosimama kijani na safu ya jirani iliyolala kama uzi. Akaishika simu karibu na uso, akatazama kwa muda mrefu. Nikamuuliza kama anajua nyumba yoyote kule bondeni ambayo huenda bado wana mbegu ile ya mama yake.

"Ile ya bondeni?" akasema, akanirudishia simu. "Si mliila?"